Kwa Salma, Juu ya Ukoo, Rangi na Kura

Salma mwanangu,

Nimekaa kwenye kiti cha baba yako, karibu na dirisha la barabarani, na nyumba iko kimya. Wewe umekwenda Kangemi kumuaga Nekesa, na ninavyomjua, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Mambo ya baridi, ya sweta, ya nyama ya halali na ya kutokuweka fedha zote kwenye mkoba mmoja yameshasemwa na shangazi zako mpaka umeyachoka. Sina la kuongeza hapo.

Nataka kujibu swali lako la juzi mezani. Ulimuuliza baba yako, "Huko Marekani ninakokwenda, mtu wa rangi yetu anaweza siku moja kuwa rais wao? Na hapa kwetu, mtu asiye na mjomba mkubwa anaweza?" Baba yako akacheka, akasema kuna maswali huulizwa baada ya kufunga dirisha, akarudi kwenye mchuzi wake. Mimi nikanyamaza. Jibu ninalo, ila ni refu, na mezani palikuwa na wageni.

Ya Ikulu siyajui, wala ya Marekani. Lakini mama yako amegombea urais mara mbili. Unacheka, najua. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka tu kwamba kulikuwa na Jumapili ambazo mama alirudi na vumbi jekundu mpaka magotini. Chama chetu cha makarani na wauzaji wa maduka kilikuwa kidogo, na aliyeandika katiba yake alikuwa mpenda makuu. Aliandika kwamba kiongozi wake ataitwa rais. Watu wa mjini walicheka mwanzo, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuugombania huo urais kana kwamba una king'ora na pikipiki za kutangulia mbele. Yote niliyoyaona katika urais ule mdogo, sidhani ule mkubwa una mengi zaidi. Una walinzi tu.

Nilikuwa nikiuza vitambaa katika duka moja la mtaa wa Biashara, hapa Nairobi. Nekesa alikuwa kwenye meza ya kupokea fedha. Yeye ni Mluhya wa Kakamega, Mkristo wa kuimba kanisani, mimi Mswahili wa Mji wa Kale, Mombasa, na siku ya kwanza tuliangaliana kama paka wawili waliotiwa gunia moja. Alisikia Kiswahili changu akasema, "Huyu anaongea kama redio." Baada ya mwezi tulikuwa tunakula pamoja nyuma ya duka, yeye na kitoweo chake cha mboga za majani, mimi na mkate wangu wa mofa.

Kisha Nekesa akapata mimba. Tumbo lilipoanza kuonekana, tajiri wetu akamwita ofisini, akamwambia wateja hawapendi kuona mtu katika hali ile, aende nyumbani, na akishajifungua kazi itakuwa imeshapata mwenyewe. Hakumgombeza. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa habari za mvua. Nekesa akatoka, akachukua mkoba wake na kanga aliyokuwa amekalia, akaniambia, "Haya, Mama Salma, mimi nimeisha hapa." Akavuka barabara bila kugeuka.

Ndiyo iliyonitia katika siasa. Nilikwenda kwa viongozi wa chama wa wakati ule, wakaniambia jambo la wanawake litazungumzwa baadaye. Uchaguzi ulikuwa karibu. Nikasema nitasimama mwenyewe.

Sasa sikiliza nilivyofanya, maana hapa ndipo nilipojifunza.

Mpinzani wangu alikuwa Bwana Jeremia, karani wa ghala moja kubwa, kijana mtanashati, mwenye adabu, na mpwa wa mtu mzito serikalini. Jina la mjomba wake sitaliandika. Sisi sote tulimwita Mheshimiwa tu, na hata sasa hivyo hivyo. Nilijiambia, ikiwa Jeremia ana mjomba, mimi nami nina shemeji. Nikamwendea Bwana Athumani, binamu ya baba yako, yule mwenye malori. Alikuwa amenunua nyumba Kilimani, yenye bustani, na sebuleni ana kiti ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Akanisikiliza huku akichezea tasbihi, akasema, "Fatuma, wewe ni wetu. Waambie watu wa Pwani wote kwamba Athumani amesema. Itatosha."

Nikatoka Kilimani kichwa juu. Kampeni yangu yote ikawa hiyo. Nikazunguka kwa watu wa Pwani, makarani waliokuwa wakisali msikiti mmoja na baba yako, wauza duka kutoka Lamu na Malindi, nikawaambia, sisi kwa sisi, damu nzito kuliko maji, Bwana Athumani amesema. Walinipa kahawa. Walinipa halua. Waliniombea dua. Sikwenda Kangemi hata siku moja. Sikwenda Kawangware. Nilidhani watu wa huko wana wa kwao, nami nina wangu, na hesabu itajifanya yenyewe.

Nilianguka, Salma. Nilianguka anguko la mtu aliyeteleza kwenye ganda la ndizi mbele ya msikiti siku ya Ijumaa. Hata watu wa Pwani hawakunipa kura. Nilimkamata Bakari wa Malindi kwenye ngazi za ukumbi, mtu ambaye mkewe nilimfunda mwenyewe wakati wa harusi yake, nikamtazama machoni, nikamuuliza, "Bakari, hata wewe?"

Akaona haya, lakini hakudanganya. "Dada Fatuma, wewe ni damu yangu. Lakini mdogo wangu anatafuta kazi. Mjomba wa Jeremia anaweza kunyanyua simu. Bwana Athumani atamnyanyulia nani simu?"

Nikarudi nyumbani na hasira ya wiki nzima. Ilichukua muda kuona kwamba Bakari alinifunza kwa sentensi chache kile ambacho watu huandikia vitabu. Nilikuwa nimekubali kucheza mchezo wa majina, na katika mchezo wa majina hushinda mwenye jina kubwa. Ukiingia sokoni kupima ukoo kwa ratili, usilie mwenzio akija na ng'ombe wewe ukiwa na kuku.

Nekesa alikuja kuniona, na mtoto mchanga mgongoni. Nilitegemea aniliwaze. Alikaa, akanywa chai, akasema, "Wewe ulienda kwa watu ya Pwani peke yake. Sisi wa Kangemi, ulitaka tukuote kwa ndoto?"

"Wewe ungewaambia," nikasema.

"Mimi niwaambie nini? Hawakujui. Wanasikia kuna Mwarabu anataka kiti. Basi."

Neno lile, Mwarabu, likanichoma. Nilikuwa nimelisikia tangu nilipofika Nairobi, kwa wauza mboga, kwa makondakta wa basi, mara kwa mzaha, mara bila mzaha. Sikujua kwamba lilikuwa limekwenda mbele yangu mpaka Kangemi na kukaa mlangoni likinisubiri.

Jeremia akatawala. Sitamsema vibaya, hakuwa mtu mbaya. Alivaa suti, alijibu barua, alitupatia ofisi yenye dirisha. Kila alipotaka kuonana na mkubwa, mlango ulifunguka. Watu wakasema, mnaona faida ya kuwa na mtu wa ukoo? Mimi nami nilianza kukubali. Ndiyo, Salma, nataka ulijue hili kwa unyoofu. Jina husaidia. Anayekwambia halisaidii, ama analo yeye mwenyewe ama anakuuzia kitu. Jina la ukoo humfikisha mtu mlangoni wakati wengine bado wanaulizia njia.

Lakini mwaka wa pili duka moja kubwa likawafukuza wanawake watatu kwa mpigo, wote kwa sababu ile ile ya Nekesa. Mmoja alifukuzwa asubuhi na uchungu ukamshika siku hiyo hiyo ndani ya basi. Tukamwendea Jeremia kwa kishindo. Akaahidi, na nadhani aliahidi kwa moyo. Akaenda kwa mjomba wake, maana duka lile, tulikuja kujua, Mheshimiwa alikuwa na sehemu yake ndani. Jeremia akarudi mtu mwingine. Alisimama mbele yetu akiangalia viatu vyake, akasema, "Jambo hili lina wenyewe. Tuwe na subira."

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, na mara nikamhurumia. Nilimwona kama mtu aliyevalishwa koti zuri na mwenye koti amelishika kwa nyuma. Jina lililomwinua halikumwachia mikono yake. Hapo ndipo nilipoamua kusimama tena.

Safari hii sikwenda Kilimani. Bwana Athumani alituma ujumbe kwamba yuko tayari kusema tena neno. Nikamjibu kwa heshima kwamba neno lake la kwanza bado linatosha. Alinuna, na alikaa mwaka mzima bila kukanyaga kwetu. Baba yako ndiye aliyeumia, maana ni ndugu yake. Hakunilaumu hata siku moja.

Baba yako, Salma, humwoni ukubwa wake kwa sababu hapigi kelele. Alikuwa akifundisha watoto Kurani chini ya msikiti, na wenzake wakamweka kitako. Wakamwambia haifai, mke wa mwalimu kuzunguka Kangemi na Kawangware akiomba kura kwa wanaume. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Mke wangu hagombei uimamu. Anagombea wanawake wasifukuzwe kazi wakiwa na mimba. Mwenye aya inayokataza hilo aniletee, nami nitamzuia." Hakuna aliyeleta.

Jumapili baada ya Jumapili, Nekesa akaniongoza kwa mkono kama kipofu. Tulikuwa tukipita Westlands kwa miguu ikiwa basi limejaa, tukishuka hadi Kangemi, nyumba za udongo na mabati, chumba kwa chumba. Nilikuta watu wa maduka yetu wenyewe, watu niliofanya nao kazi mtaa mmoja miaka mingi, nami sikujua wanalala wapi. Mwanzoni nilikuwa nikiingia na hotuba. Katika chumba cha tatu au cha nne tukamkuta Mzee Shitanda, mpakizi wa mizigo wa ghala alikofanya kazi Jeremia, anatengeneza redio kitandani. Nikaanza hotuba yangu. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mama, wewe unataka kura yangu. Na jina ya mtoto yangu hujui."

Nekesa akaangalia dari kama hanijui.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Keti kwanza," akasema. "Hiyo si ya kuuliza ukiwa umesimama."

Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tukazungumza mpaka chai ikaiva. Mtoto wake aliitwa Roselida, alikuwa mmoja wa wale watatu waliofukuzwa, yule aliyeshikwa na uchungu basini. Mzee alikuwa hajamwambia mtu yeyote wa chama kwamba ni binti yake. Aliogopa kazi yake kwa sababu bosi wake ni rafiki wa Jeremia, na Jeremia ni wa Mheshimiwa. Nilipotoka mle nilikuwa na shairi zima la hotuba kichwani na sikulihitaji tena. Tangu siku ile niliketi kwanza.

Na sasa nikwambie jambo jingine kwa unyoofu, usije ukadhani mama yako alikuwa malaika asiyeguswa na ukabila. Kura nyingi za Kangemi zilikuja kwa sababu ya Nekesa. Wazee wao walimwambia waziwazi, "Nekesa, kwa nini usisimame wewe, ukawa mtu wetu?" Akawajibu, "Mimi nina mtoto mdogo na mdomo mbaya. Huyu ana mdomo mzuri. Mpeni yeye, nikiona anaharibu nitamtoa kwa hii mkono yangu." Wakacheka, wakakubali. Kwa hiyo undugu ulinisaidia, mwanangu. Ila haukuwa undugu wangu. Niliazimwa na mtu aliyenipenda, na nilijua kwamba cha kuazimwa hutunzwa kuliko cha kurithi.

Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumapili mchana, katika ukumbi ulio karibu na River Road. Watu walijaa mpaka madirishani. Jeremia alizungumza kwanza, vizuri, kwa utulivu. Nilipoitwa mimi, kabla sijafika mbele, mwanaume mmoja katikati ya ukumbi akasimama juu ya benchi. Sijui mpaka leo alitumwa na nani, au kama alitumwa. Akapaza sauti.

"Ndugu zangu! Tulipata uhuru juzi juzi tu! Leo tunataka kumpa kiti Mwarabu? Babu za huyu mama waliuza babu zetu! Arudi kwao Arabuni!"

Nilisikia ukumbi ukivuta pumzi. Kuna waliopiga makofi. Nilimwona baba yako amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Nilimwona Nekesa amenyanyuka, mkono kiunoni, tayari kwa vita. Nikamfanyia ishara aketi. Nikaliweka sawa buibui langu, nikaenda mbele.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lile kwa njia moja tu. Siku zote nilitaka kujibu, mimi si Mwarabu, ni Mswahili, mimi ni Mwafrika kama ninyi. Nilipofungua mdomo, jibu hilo nikaliona la woga. Ningekuwa namkana babu ili nikubaliwe kwa ajili ya bibi.

Nikasema, "Ndugu yangu, shuka kwenye benchi usije ukaanguka, nami nitakujibu." Watu wakacheka kidogo, naye akashuka.

"Umesema babu zangu waliuza watu. Yule wa upande wa baba, sijui alifanya nini, na sitaapa kwamba hakufanya. Lakini bibi yake mama yangu alifika Mombasa kutoka bara akiwa amefungwa kamba. Alikuwa msichana mdogo. Hakujua hata jina la mto wa kwao ili atuachie sisi. Kwa hiyo aliyeuzwa na aliyenunua wote wawili wamo ndani ya mwili huu unaouona, wamekaa pamoja, na mimi ndiye ninayewalisha. Ukitaka nirudi kwetu, niambie nimrudishe yupi."

Nikaugeukia ukumbi mzima.

"Ila leo sikuja kuwagombea marehemu. Mungu ndiye hakimu wao. Roselida, yule aliyeshikwa na uchungu basini, hakufukuzwa na babu yangu. Alifukuzwa hapa, mtaa wa pili kutoka hapa, uhuru ukiwa umeshapatikana, na watu wa rangi zote walikuwepo na wote walinyamaza. Mimi nilinyamaza pia kwa siku kadhaa. Nimekuja kuwaomba kura ili nisinyamaze tena. Ikiwa mnaona rangi yangu itanifanya ninyamaze, msinipe. Ikiwa mna mtu mwenye rangi nzuri kuliko yangu na hatanyamaza, mpeni yeye, nami nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

Nikaketi. Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini yalikwisha yenyewe.

Kisha nikasikia benchi likiburuzwa, Mzee Shitanda amesimama. Mtu yule hajawahi kusema neno katika mkutano wowote. Akasema, "Roselida ni mtoto yangu." Basi. Akaketi. Salma, nimesikia hotuba nyingi katika maisha yangu, sijasikia iliyoishinda ile.

Kura zikahesabiwa mbele yetu, kikaratasi kwa kikaratasi, na ilipofika katikati Nekesa alikuwa ameshaanza kulia. Zilipokwisha, mhesabuji akasoma jina langu, na ukumbi ukapasuka. Sijui ngoma ya Waluhya ile ilitoka wapi, mtu alikuwa ameificha nyuma ya mlango kwa siku nzima. Wanawake wa maduka walinibeba. Ndiyo, mimi, na uzito wangu. Wakanitoa mlangoni mpaka barabarani, wakiimba wimbo wa kwao na mimi nikiitikia bila kujua maneno. Kwenye kona Bakari wa Malindi alikuwa akipiga makofi kuliko wote, nami nikampa mkono, kwa nini nisimpe. Wenye magari walipiga honi. Baba yako alitembea pembeni akijifanya hatufahamu, na meno yote nje.

Jeremia alinifuata pale pale barabarani. Akanipa mkono wake, akasema, "Bi. Fatuma, wewe ulishindwa ukajua kwa nini. Mimi nilishinda nisijue kwa nini." Nilimheshimu tangu siku ile. Sasa ana duka lake mwenyewe, na ukipita anakuamkia kwa adabu, umeona.

Kabla ya mwaka kwisha tulikuwa tumekubaliana na matajiri wa maduka yetu kwamba mwanamke akijifungua atapumzika na atarudi kwenye kazi yake. Haikuwa rahisi, tulikaa nje ya milango ya watu, tulinyeshewa. Lakini Roselida alirudi. Nekesa alirudi kwenye meza ile ile, na siku ya kwanza tajiri alimkaribisha kwa upole ule ule wa habari za mvua. Nekesa alinikonyeza. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Limebaki jambo moja ambalo hujalisikia, wala baba yako hakutaka ulisikie kabla hujamaliza mtihani.

Mwaka jana, ulipoomba ufadhili huu wa masomo, Mheshimiwa aliniita kwake Spring Valley. Mjomba wa Jeremia, yeye mwenyewe. Niliingia katika nyumba ambayo sebule yake ingemeza ghorofa yetu nzima. Alinikaribisha vizuri, chai katika vikombe vyembamba. Akasema amesikia nina binti mwenye akili. Akasema kamati ya ufadhili ina watu anaowajua, na vijana wenye akili ni wengi, nafasi ni chache, na mara nyingine barua hupotea katikati ya nyingine. Kisha akasema, kana kwamba ni habari nyingine kabisa, kwamba baada ya vipindi vyote hivi nilivyopita bila kupingwa ningefaa kupumzika, nisisimame tena, niwaachie vijana.

"Mtoto asiumie kwa sababu ya siasa za mama," akasema.

Nikamwangalia. Nilitaka kukubali, Salma. Usidhani sikutaka. Wewe ni mwanangu wa pekee, na niliyaona macho yako siku ulipojaza ile fomu. Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Mheshimiwa, nakushukuru kwa chai. Binti yangu ameandika barua yake mwenyewe. Ikipotea, ataandika nyingine."

Nilirudi mjini. Miezi ile ya kusubiri, uliponiona nasali usiku na mchana na ukaniuliza kama ninaumwa, nilikuwa naumwa hivyo. Nilijiuliza kama nimeiuza bahati ya mwanangu kwa ajili ya kiburi changu. Hakuna aliyenipa jibu. Baba yako alisema tu, "Aliyeandikiwa ameandikiwa," akaniwekea maji ya kunywa kando.

Kisha siku ile ukapanda ngazi mbili mbili na bahasha mkononi, ukapiga kelele mpaka watu wa chini wakadhani kuna moto. Ulidhani nalia kwa kuwa unakwenda mbali. Nililia kwa kuwa unakwenda kwa miguu yako. Hakuna mtu katika mji huu, wala katika nchi hii, anayeweza kusema siku moja, binti huyu nilimpeleka mimi, basi aniinamie.

Hilo ndilo jibu langu la mezani. Huko uendako wataiona ngozi yako kabla hujataja jina, na wengine watakuhukumu kwa hiyo, na wengine watakupa nafasi kwa hiyo, na hao wa pili uwaangalie kwa makini zaidi. Watakuuliza wewe ni wa nani. Usimkane hata mmoja wa waliokuzaa, aliyefungwa wala aliyefunga, lakini usiwakalishe mbele yako wakusemee. Ukipata mlango uliofunguliwa na jina la mtu, uliza kwanza ni nani anayeshika ufunguo wa kutokea. Na kama mtu mweusi atakuwa rais wao siku moja, au mtoto wa mpakizi wa mizigo atakuwa rais wetu, sijui. Rangi na ukoo vitamsaidia au vitamkwaza, hilo halina shaka. Lakini nimesimama katika ukumbi ule, nimeziona kura zikitoka sandukuni moja baada ya nyingine, kutoka kwa watu ambao si wa rangi yangu, si wa dini yangu, si wa lugha yangu, na zote zimeandikwa jina langu. Aliyeona hilo mara moja hawezi tena kuambiwa kwamba haliwezekani.

Nasikia mlango wa chini. Huenda ni wewe, huenda ni shangazi zako na vyungu vyao. Kesho kule uwanja wa ndege wa Embakasi watalia wote, wanakuja wamejiandaa kwa leso. Mimi sitalia. Utakapokuwa unapanda ngazi za ndege na huoni tena nyuso zetu kwa umbali, tega sikio. Utasikia mwanamke mmoja mzima, mwenye heshima zake, mke wa mwalimu, akipiga vigelegele mbele ya askari na wageni wote wa uwanja ule. Usigeuke. Panda.

Ni mimi mama yako,
Fatuma